Nina cheti cha umeme, niko kijijini, siku haziishi: je, huu ni uvivu?

*"Habari mshauri. Nina miaka 25. Nilimaliza cheti cha ufundi wa umeme miaka miwili iliyopita, nikatafuta kazi Kampala, pesa ikaisha, nikarudi nyumbani kijijini upande wa Malaba. Msimu wa kupanda namsaidia mama shambani, lakini tangu mvua ikatike Desemba sina la kufanya. Naamka saa nne au saa tano, nashika simu, naangalia video mpaka bando linaisha, jioni naenda senta kucheza karata za matatu na wenzangu, na siku hizi nimeanza kukaa kwenye chungu cha malwa, ile pombe ya ulezi, karibu kila siku. Siwezi kuanza kitu cha maana kwa sababu naweza kuitwa kazini wakati wowote. Baba anasema mimi ni mvivu. Nimeboeka mpaka naona kama kichwa kinaoza. Je, huu ni uvivu, ni ugonjwa, au nirudi tu Kampala?"*

Ndugu yangu, umeuliza mambo matatu kwa pamoja, na kila moja lina jibu lake. Nianze na neno la baba, maana naona ndilo linalokuuma zaidi.

Mtu mvivu hataki kufanya kazi na hilo halimsumbui. Wewe linakusumbua mpaka umekaa ukaandika barua. Wataalamu wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha York, Kanada, wakiongozwa na John Eastwood, walieleza mwaka 2012 kwamba kuboeka ni hali ya kutaka kushughulika na jambo linaloridhisha, lakini akili ikashindwa kupata pa kushika. Kwa hiyo hamu ya kazi unayo. Tena umesema mwenyewe kwamba msimu wa kupanda unaamka na unalima. Mvivu hangoji mvua ikatike ndipo awe mvivu. Baba anaona mtu mzima amelala hadi saa tano na anahukumu anachokiona. Simlaumu, lakini hukumu yake haikusaidii kujua la kufanya.

Dhana ya pili ya kuondoa ni kwamba ukiwa na saa nyingi tupu, dawa ni kutafuta vitu vya kuzijaza. Mwaka 1931 watafiti watatu, Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, walikwenda Marienthal, kijiji cha Austria kilichokuwa kikitegemea kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda kilikuwa kimefungwa na karibu kijiji kizima kilikuwa hakina kazi. Ungedhani watu wenye nafasi ya kutwa nzima wangesoma zaidi, hasa kwa kuwa maktaba ilikuwepo. Ilikuwa kinyume: vitabu vilivyoazimwa vilipungua karibu nusu. Wanaume walitembea polepole barabarani, wakisimama mara kwa mara. Walipoombwa waandike walivyoitumia siku yao, wengi hawakuweza kukumbuka walichofanya kati ya kuamka na chakula cha mchana. Muda ulipoongezeka, uwezo wa kuutumia ulipungua.

Jahoda alieleza sababu yake miaka ya baadaye. Kazi, hata ile mbaya, humpa mtu mshahara na pamoja nao vitu vitano ambavyo hatuvioni mpaka vikipotea: inaigawa siku, inamkutanisha na watu wasio wa nyumbani kwake, inamweka kwenye lengo la wengi, inampa jina mbele ya watu, na inamlazimisha kuinuka afanye kitu hata siku asiyojisikia. Ukipoteza kazi unapoteza vyote vitano kwa mpigo, na simu haiwezi kukurudishia hata kimoja.

Sasa rudi kwenye msimu wa kupanda. Kwa nini huboeki wakati ule, ingawa kulima ni kazi ngumu kuliko kutazama video? Kwa sababu mama yuko mlangoni na jembe, jirani mliyekubaliana kusaidiana anakuja kesho shambani kwenu, na mahindi yasipopandwa mvua itapita. Kuna watu na vitu vinavyokusubiri. Kuanzia Desemba hakuna anayekusubiri popote. Ukiamka saa moja au saa sita, hakuna kinachobadilika kwa mtu yeyote. Mimi naamini hapo ndipo tatizo lako lilipo. Huhitaji shughuli nyingi. Unahitaji mahali pawili au patatu katika wiki ambapo usipotokea, mtu atauliza uko wapi.

Kabla ya kupanga lolote, chukua daftari la shule na uandike wiki moja ulivyo sasa, bila kujirekebisha. Kila baada ya saa mbili hivi, andika ulichofanya na alama mbili kati ya 0 na 10: ya kwanza, kilikufurahisha kiasi gani, ya pili, kilikupa hisia kwamba umefanikisha kitu kiasi gani. Usingoje jioni ndipo uandike yote, kwa sababu jioni mtu huiona siku nzima kwa rangi ya saa ile aliyo nayo. Watu wengi hushangaa matokeo. Video za saa tatu mfululizo mara nyingi huanza na 6 na kumalizika na 2. Kumtengenezea jirani swichi ya tochi, kazi ya dakika ishirini, huleta 7 kwenye alama ya pili. Daftari litakuonyesha mambo yako wewe, na mpango wako utatoka humo kuliko kutoka kichwani mwangu.

Wiki ya pili, rekebisha saa ya kuamka peke yake. Usihangaike na saa ya kulala. Mwili hukusanya hamu ya usingizi kadiri unavyokaa macho. Ukiamka saa tano asubuhi, saa nne usiku bado huna usingizi, kwa hiyo unashika simu, unalala saa nane za usiku, na kesho ni yale yale. Chagua saa moja na nusu asubuhi, kila siku, pamoja na Jumapili. Toka nje ndani ya nusu saa, hata kama ni kwenda tu kisimani, kwa sababu mwanga wa asubuhi ndio unaoiweka sawa saa ya mwili. Siku tatu za mwanzo utakuwa na usingizi mchana na utataka kuacha. Lala dakika ishirini tu, kabla ya saa tisa alasiri, kisha inuka. Kufikia wiki ya pili ya kuamka hivyo, usingizi wa usiku huanza kuja wenyewe. Simu ichajiwe chumba kingine, au akae nayo mama. Ikiwa chini ya mto, mpango huu hautafika Jumatano.

Kuhusu hizo video, jaribu kugundua unavyozitazama. Unatazama sekunde kumi, unaruka, unatazama tano, unaruka. Katy Tam na Michael Inzlicht wa Chuo Kikuu cha Toronto walichapisha mwaka 2024 majaribio yaliyoonyesha kwamba watu huruka kutoka video hadi video ili wasiboeke, lakini kule kuruka kwenyewe kunawaongezea kuboeka. Waliotazama video moja bila kuruka waliifurahia zaidi. Kwa hiyo sikukatazi simu. Chagua kitu kimoja, kitazame hadi mwisho, weka simu chini. Ukifika mahali penye intaneti nzuri, pakua programu ya bure ya Kiwix, na kupitia hiyo uipakue Wikipedia ya Kiswahili nzima kwenye simu. Ukishaipakua unaisoma bila bando hata kidogo. Fanya vivyo hivyo na mafunzo mawili matatu ya ufundi wako.

Sasa nije kwenye ile sentensi uliyoiandika kwa haraka, nami naiona nzito kuliko zote: huwezi kuanza kitu cha maana kwa sababu unaweza kuitwa kazini wakati wowote. Kungoja ndiko kunakokula siku zako. Anayengoja simu hawezi kupumzika wala kufanya kazi. Kila saa anaishikilia mkononi ikiwa tupu, kwa sababu huenda itahitajika. Suluhisho ni kuchagua mambo yanayokamilika ndani ya wiki nne. Ukiitwa kazini katikati, utakuwa umepoteza kidogo sana. Usipoitwa, mwisho wa mwezi una kitu mkononi. Na kutafuta kazi kwenyewe kupewe siku zake, tuseme Jumanne na Ijumaa asubuhi, ambapo unaandika maombi, unapiga simu kwa waliosoma nawe, unaangalia matangazo. Siku nyingine usiangalie. Mwajiri anayekutaka atakupigia, na simu italia hata ukiwa bustanini.

Mfano wa jambo la wiki nne ni tuta la dodo, yaani mchicha. Pima mita moja kwa tatu karibu na nyumba, changanya samadi iliyooza vizuri, chora mistari yenye nafasi ya sentimita 20 hadi 25. Mbegu za dodo ni ndogo mno na mkono hauwezi kuzihesabu, kwa hiyo zichanganye na mchanga mkavu kabla ya kumwaga kwenye mistari, na zifunike kwa udongo usiozidi sentimita moja. Wengi huzizika chini sana halafu wanalaumu mbegu. Tandaza nyasi chache juu, uziondoe miche ikichomoza, kwa kawaida ndani ya wiki. Kiangazi hiki tuta la ukubwa huo linahitaji jerikeni moja ya lita 20 kwa siku, jioni au asubuhi mapema. Baada ya wiki mbili ng'oa iliyosongamana, na hiyo miche michanga inaliwa. Kati ya wiki ya tatu na ya nne unavuna. Ukikata shina na kuacha kipande kifupi chenye majani machache, litachipua tena. Ninachagua dodo na siyo mihogo kwa sababu moja: akili iliyoboeka inahitaji kuona matokeo upesi. Mihogo itakungojesha karibu mwaka, na wewe kungoja umekuchosha tayari. Halafu mwambie mama kwamba mboga ya Jumamosi inatoka kwako, naye aache kununua siku hiyo. Hapo umepata mtu anayekusubiri.

La pili ni ufundi wako. Ufundi usiotumika hufifia, na kila mwezi unaopita unazidi kuogopa kuuonyesha. Kijijini kwenu kuna nyumba zenye sola ndogo zilizokufa, na nyingi tatizo lake ni dogo: vumbi juu ya paneli, nyaya zilizolegea, kutu nyeupe kwenye vichwa vya betri, au fyuzi. Tafuta multimita, kile kipimo cha umeme, ya bei ya chini, hata ya kuazima. Betri ya asidi ya volti 12 iliyotulia saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumika ikisoma 12.6 au zaidi imejaa, 12.2 iko karibu nusu. Ikiwa chini ya 12 mwambie mwenye nyumba asiendelee kuitumia mpaka ichajiwe, kwa sababu betri inayoachwa tupu hufa mapema. Zile za lithiamu usizifungue. Na nyaya za umeme wa gridi usiziguse bila kibali cha mamlaka ya umeme, ERA, hata jirani akikubembeleza. Kosa moja litakuumiza wewe au litaunguza nyumba ya watu. Nenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji, umwambie kwamba kila Jumatano alasiri utakuwa senta, mahali fulani, unakagua sola. Mwezi wa kwanza usidai pesa nyingi. Unatafuta jina, na jina ni kimojawapo cha vile vitano. Ikiwa shule ya msingi ya karibu ina taa mbovu au inataka mtu wa kuwafundisha watoto wakubwa ufundi mdogo mara moja kwa wiki, mwone mwalimu mkuu pia.

Mambo matatu yatakuharibia mpango huu. Kwanza ni wewe mwenyewe kuandika ratiba ya siku nzima, saa kwa saa, kama ya jeshi. Itavunjika siku ya tatu, utajiona umeshindwa na utarudi kitandani. Weka vitu viwili tu kwa siku, kimoja kabla ya saa nne asubuhi, kimoja alasiri, na uache katikati pawe huru. La pili ni matanga, mvua ya ghafla, homa. Siku hizo zitakuja. Ukikosa siku moja usiifidie, anza tu kesho yake ulipoachia. La tatu ni nyumbani. Kijana asiye na kazi huwa mtumwa wa kila mtu: peleka hiki kwa shangazi, nenda kinuni, chunga mbuzi wa jirani. Unachoka, na jioni huoni ulichofanya. Ongea na mama wakati ametulia, kwa heshima, useme hivi: "Mama, naomba kila asubuhi hadi saa tano nisitumwe, nina kazi yangu. Baada ya hapo niko tayari." Atakubali kwa urahisi zaidi akishaona tuta limeota. Baba usimjibu kwa maneno. Akikuona nje saa mbili asubuhi wiki tatu mfululizo, neno la uvivu litampungukia lenyewe.

Kuhusu malwa nitasema wazi. Pale chunguni unapata wenzako na mazungumzo, na ukikatazwa ghafla utakuwa umepoteza kundi pekee ulilo nalo. Ndiyo maana kukuambia "acha pombe" na kuishia hapo hakufai. Lakini kunywa ili jioni ipite ndiyo njia ya kawaida kabisa ambayo kuboeka huwa ulevi. Pombe hukulaza upesi kisha hukuamsha usiku wa manane, na kesho yake saa moja na nusu haitawezekana. Chagua siku mbili za wiki, zitaje kwa wenzako, na siku hizo fika kwa kuchelewa, ukiwa umekula. Siku nyingine kaa nao kwenye matatu, au ubao wa mweso. Ukijaribu wiki mbili ukashindwa kabisa, au mikono inatetemeka asubuhi usipokunywa, hilo si suala la ratiba tena. Nenda kituo cha afya, na usiache kwa ghafla peke yako. Kubeti mechi nako kunaingia humu. Ukiwa umeboeka, dakika tisini za kungoja matokeo zinahisi kama uhai, na ndiyo sababu ni hatari kwako kuliko kwa mwenye mshahara.

Je, urudi Kampala? Sikukatazi, ila uulize utakwenda na nini. Mara ya kwanza ulikwenda na cheti, pesa ikaisha. Ukienda vile vile utapata kuboeka kule kule, chumbani, na kodi juu. Nenda ukiwa na mtu aliyekubali kukupokea kwenye kazi yake hata kama msaidizi, pesa ya chakula na nauli ya miezi miwili, na tarehe uliyojiwekea ya kurudi mambo yasipokaa. Ukikaa senta na multimita miezi mitatu, utakwenda ukiwa na kazi za kueleza unapoulizwa umefanya nini tangu umalize chuo. Malaba penyewe, kwa kuwa ni mji wa mpakani, pana magari, maduka na maghala yanayohitaji mafundi. Ningeanza kuuliza huko kabla ya kupanda basi. Ama mkopo wa PDM, mpango wa serikali wa kuwapa watu mtaji, ule wa hadi shilingi milioni moja kwa kaya kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka, ni mzuri kwa aliye na kikundi na shughuli inayotembea. Usiuombe mwezi huu. Deni lililochukuliwa ili kumaliza upweke hubaki baada ya pesa kwisha.

Limebaki swali la ugonjwa, na hapa nakuomba usome taratibu. Aliyeboeka, rafiki akija na habari nzuri au timu yake ikicheza, huchangamka. Mwenye sonona, yaani huzuni ya ugonjwa, hachangamki. Hata alivyovipenda havina ladha. Ukiona hali hiyo karibu kila siku, sehemu kubwa ya siku, kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na kukosa hamu ya kula au kula kupita kiasi, usingizi kuharibika, kujiona huna thamani, au kushindwa hata kuoga, hapo ratiba peke yake haitoshi. Huo ni ugonjwa na unatibika. Jaribio lililofanywa katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2003, lilionyesha kwamba vikundi vilivyokutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16, vikiongozwa na watu wa hapo hapo waliofunzwa, vilipunguza sonona kwa kiasi kikubwa kuliko vijiji ambavyo havikuwa na vikundi. Bila dawa. Uliza VHT, yaani mhudumu wa afya wa kujitolea wa kijiji chenu, kama kuna kikundi cha namna hiyo karibu.

Mawazo ya kujiua yakikujia, hata kama unaona hutayafanya, mwambie mtu mzima unayemwamini siku hiyo hiyo na usibaki peke yako. Dawa za kunyunyizia mimea zitolewe nyumbani, zikafungiwe kwa jirani. Wazo la namna hiyo mara nyingi huwa kali kwa muda mfupi kisha hulegea, na umbali kati ya mtu na sumu ndio unaookoa maisha katika muda huo. Kisha mwende kituo cha afya pamoja.

Anza na Health Centre III au IV iliyo karibu. Huduma katika vituo vya serikali hazilipiwi. Wakiona inahitajika watakuandikia uende hospitali ya Tororo, au ya rufaa ya Mbale ambako kuna kitengo cha afya ya akili. Ukifika, chagua maneno yako. Ukisema tu "mwili umechoka, kichwa kinauma", utapimwa malaria, utapewa vidonge na utarudishwa nyumbani, kwa sababu foleni ni ndefu na malaria ni nyingi. Sema hivi: "Wiki mbili sasa silali vizuri, hakuna kinachonifurahisha, najiona sina maana, na mawazo haya yananijia." Ukiona haya kuyasema mbele ya watu, yaandike kwenye karatasi na umpe mhudumu mkononi. Lile daftari lako la alama libebe pia, litamweleza mengi kwa dakika mbili.